Zamu kwa zamu: namna ya kupita pale barabara inapobanwa

Haya ni maneno yaliyosemwa Bukavu mbele ya familia zilizohama makwao, viongozi wao, mashefu wa avenyu na vijana waendesha pikipiki. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

 

Najua wengi wenu mnajiuliza kwa nini mtu wa kazi ya amani anakuja kuzungumza habari za magari na watu ambao hawana hata baiskeli. Mama mmoja aliniambia pale mlangoni: "Baba, sisi tulikuja kwa miguu kutoka Kalehe, na wewe unakuja kutufundisha kuendesha gari?" Nilicheka, lakini sikumjibu. Nitamjibu sasa.

Mama, wewe huna gari, lakini barabara inapobanwa wewe ndiwe wa kwanza kusukumwa mtaroni na mzigo wako mgongoni. Mwanao anabeba abiria kwa pikipiki aliyoazimwa, na akigusa kioo cha gari la mtu, deni linakuja mpaka ndani ya hema lako. Ulipokimbia, huenda ulikaa saa nyingi ndani ya basi dogo lisilosogea, na watoto wanalia, na hujui nyuma kuna nini. Na nyinyi viongozi, ugomvi ukianza pale njiani kati ya shoferi na shoferi, jioni unaitwa ugomvi kati ya watu wa huku na watu wa kule, na mnaitwa nyinyi kuuzima. Ndiyo sababu nimekuja.

Mji wetu umejengwa juu ya milima na kwenye rasi za ziwa. Wabelgiji waliuita Costermansville, wakachora barabara kwa ajili ya watu wachache wenye magari machache. Leo Ibanda, Kadutu na Bagira zimejaa, vijiji vizima vimehamia mjini kwa sababu ya vita, na nyingi za barabara ni zile zile. Mvua ikinyesha, udongo unashuka. Kule Funu ardhi yenyewe inatembea polepole mwaka hata mwaka, na nyumba zinapasuka kuta. Kwa hiyo barabara kubanwa si jambo la ajabu kwetu. Leo ni udongo, kesho ni Fuso iliyovunjika ekseli, keshokutwa ni mchanga wa mtu anayejenga, au ni shimo linalozibwa. Wenzetu wa Bushushu na Nyamukubi mnakumbuka tarehe 4 Mei 2023, mafuriko yalipochukua watu zaidi ya 400, na baada yake kila gari lililoleta msaada lilitafuta pa kupita katikati ya mawe na matope. Nusu ya barabara inafungwa, nusu inabaki, na sisi sote tunaitaka ile nusu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, msije mkadhani nimekuja kuhukumu mashoferi.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mvua, tulikuwa tunatoka Kavumu kurudi Bukavu katika gari la shirika. Jipu kubwa, bendera mbele. Udongo ulikuwa umeshuka ukafunika upande wetu wa kulia, ukabaki upande wa kushoto tu, yaani upande wa wanaotoka mjini. Tukakuta mstari wa magari yamesimama, labda thelathini. Shoferi wetu aliniangalia. Mimi nikatazama saa, kwa sababu nilikuwa na mkutano, na mkutano wenyewe, mtanisamehe, ulikuwa wa kufundisha uvumilivu. Nikamwambia: "Pita tu."

Tukatoka kwenye mstari, tukapita upande wa kushoto. Tulilipita basi dogo lenye magodoro na sufuria juu yake, familia zilizokimbia. Watoto walitupungia mkono. Tulipofika mbele tukakutana uso kwa uso na lori lililotoka Bukavu. Nikatazama nyuma: magari kumi yalikuwa yametufuata. Waliona jipu lenye bendera limepita, wakafikiri njia imefunguliwa, au wakafikiri kama huyu anapita, mimi ni nani nibaki? Na upande wa pili nao walikuwa wamejaza njia nzima. Hakuna aliyeweza kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Tulikaa pale zaidi ya saa tatu. Ndani ya lile basi dogo mlikuwa na mama mjamzito ambaye uchungu ulikuwa umeanza. Walimtoa, wakamweka juu ya pikipiki, wakapita naye kando kando kwenye matope, mwanamume mmoja akimshika kwa nyuma. Sikujua yule mama alifika vipi. Mpaka leo sijui.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Mzee mmoja kutoka lile basi alikuja mpaka dirishani kwangu, akasema bila kupaza sauti: "Nyinyi mnatuletea unga kwa mkono wa kuume, na kwa mkono wa kushoto mnatunyang'anya njia." Sikuwa na jibu. Kisha mtu mwingine, si yule mzee, akapiga kelele akataja kabila la shoferi wa lori la mbele. Sitalitaja hapa. Mnajua jinsi neno la namna hiyo linavyofanya kazi: dakika moja nyuma tulikuwa watu waliochelewa, dakika moja baadaye tulikuwa makabila mawili. Niliona vijana wawili wakiinama kuokota mawe.

Aliyetuokoa alikuwa konvoyeri wa Fuso, kijana wa miaka labda ishirini, suruali imejaa grisi. Alikata tawi la mkaratusi, akaja moja kwa moja kwenye gari letu, akapiga boneti na kusema: "Wewe ndiwe wa kwanza kurudi nyuma." Hakuuliza sisi ni nani. Akaanza kurudisha gari moja moja mpaka upande wa kushoto ukawa wazi. Halafu akaenda kuzungumza na watu wa upande wa Bukavu, akarudi kuzungumza na sisi, na hakuruhusu gari hata moja kusogea mpaka pande zote mbili zimesikia maneno yale yale: kumi watatoka kule, kisha kumi watatoka huku. Gari la mwisho la kila fungu lilibeba lile tawi mkononi, dirishani. Ukiliona tawi, unajua fungu limekwisha, zamu ni yako. Kwa nusu saa hivi tulikuwa tumekwisha kupita sote. Sisi wa shirika tulipita karibu mwisho.

Nimelifikiri sana jambo lile. Kijana yule hakutuhubiria tuwe watu wema. Alitupatia mpango ambao kila mtu aliuona kwa macho. Nafikiri wengi wetu hatusukumani kwa sababu tuna roho mbaya. Tunasukumana kwa sababu hatuamini kwamba zamu yetu itafika. Mtu aliyekimbia vita mara mbili, mara tatu, amejifunza kwamba aliyebaki nyuma ndiye aliyepotea. Huwezi kumwambia mtu huyo "subiri" bila kumwonyesha anasubiri nini.

Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana maneno mawili kwa mambo haya. Kuchomekea ni kuingiza pua ya gari lako mbele ya mwenzako aliye katika foleni. Kutanua ni kutoka kwenye foleni kabisa na kupita pembeni, au upande wa wanaokuja, kama nilivyofanya mimi. Nchini Kenya wanasema kuovalapu. Mwezi wa Novemba 2015, kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, mvua iliharibu kipande cha njia pale Taru, na magari yakakwama kwa siku kadhaa, foleni ya makumi ya kilomita. Mvua ndiyo iliyoanza. Waliotanua wakazidisha. Basi ugonjwa huu si wetu peke yetu.

Sasa nataka tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, kwa sababu dawa yake si moja.

Jambo la kwanza ni pale magari yote yanapokwenda upande mmoja, lakini mistari miwili inalazimika kuwa mmoja. Mnaliona mjini, kwa mfano pale Place de l'Indépendance ambapo njia kadhaa zinakutana, au popote ambapo avenyu pana imefungwa nusu. Hapo dawa ni ile ya zipu ya jaketi. Tazameni zipu: jino moja la kulia, jino moja la kushoto, na hakuna jino linaloruka lenzake. Kila mstari unakuja mpaka pale penye kubanwa, polepole, na hapo hapo wanaingiliana mmoja mmoja.

Angalieni nimesema "mpaka pale penye kubanwa". Hapa ndipo watu wengi wanabisha. Wanasema mtu muungwana huhamia kwenye mstari mmoja mapema, na yule anayekuja mpaka mwisho ni mwizi wa zamu. Nami nilifikiri hivyo. Lakini fikirini: kama sote tunahamia mapema, mstari mmoja unakuwa mrefu mara mbili na mwingine unabaki mtupu. Ule mrefu unarudi nyuma mpaka njia panda, unawafungia watu ambao hata hawaendi kule tunakokwenda. Na ule mtupu unamwita kila mwenye haraka. Idara ya barabara ya jimbo la Minnesota, huko Marekani, inawaambia mashoferi wake kutumia mistari yote miwili mpaka mwisho, na inasema foleni inaweza kupungua urefu kwa kiasi cha asilimia 40. Ujerumani jambo hili limo ndani ya sheria ya barabara. Na Ubelgiji, ambao kanuni zao za barabara tulianza nazo zamani, wameliweka katika sheria tangu tarehe 1 Machi 2014: magari yakienda polepole na njia moja imefungwa, unaingiliana kwa zamu pale pale inapofungwa, na aliye katika njia iliyobaki lazima amwachie mmoja.

Basi tazameni ajabu yake. Gari lile lile, linapita mstari ule ule, mbele ya macho ya watu wale wale. Kabla ya sheria, wengi walimwona shoferi yule ni mwizi. Baada ya sheria, ndiye anayefanya sawa, na anayemzuia ndiye mkosaji. Tendo halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu walikubaliana mapema na kila mmoja akajua. Hata huko Ulaya bado wako wanaokunja uso wakiona gari linakuja mpaka mwisho, kwa sababu habari haijaingia moyoni. Kwetu hapa, ambako hatujakubaliana, mtu akija mpaka mwisho usimwite mwizi haraka. Huenda anajua desturi nyingine. Muulize.

Kwa nyinyi mnaoendesha, ni hivi. Usisimame mbali ukiomba kuingia, njoo polepole mpaka mwisho. Mwachie mmoja, mmoja tu. Ukimwachia mmoja umelipa deni lako, na wa pili anamdai aliye nyuma yako. Kuna mashoferi wenye huruma nyingi, anapita mmoja, anapita wa pili, mpaka watano, yeye amesimama anatabasamu. Huyo anatoa sadaka kwa mali ya wengine, maana nyuma yake kuna watu ishirini hawakuulizwa. Na wewe uliyeachiwa, inua mkono kushukuru. Mkono ulioinuliwa unazuia matusi mengi.

Kuna hesabu ndogo nawaomba mwapelekee watu wenu. Tuseme kijia kilichobaki kinapitisha gari moja kila sekunde 5. Ni magari 12 kwa dakika. Ukijipenyeza mbele, bado ni magari 12. Hujaongeza hata moja, umebadilisha tu nani anapita. Lakini mkigusana vioo, mkashuka, mkatukanana dakika 10, ni magari 120 ambayo hayakupita. Kama kila gari lina watu watano, ni watu 600 wamewangojea nyinyi wawili. Na mmoja wao anaweza kuwa yule mama juu ya pikipiki.

Jambo la pili ni pale magari ya pande mbili, yanayokuja na yanayokwenda, yanapogawana njia moja. Huku kwetu ndilo la kawaida zaidi, na ndilo la hatari. Hapo zipu haifai. Huwezi kupitisha moja kutoka huku na moja kutoka kule, maana watakutana katikati. Hapo ni mafungu, kama alivyofanya yule konvoyeri. Na lile tawi lake si uvumbuzi wa kitoto. Treni, penye reli moja inayotumiwa kwenda na kurudi, zilifanya hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja: dereva hakuingia katika kipande cha reli mpaka ameshika fimbo ya kipande hicho mkononi. Fimbo ilikuwa moja tu. Kama iko kwangu, haiko kwako, na hatuwezi kugongana. Huhitaji redio, huhitaji simu yenye chaji, huhitaji hata kuelewana lugha. Unahitaji fimbo moja na watu wawili wa kuaminika, mmoja kila mwisho.

Fungu liwe la magari mangapi? Inategemea urefu wa mahali. Pakiwa pafupi, mnaonana kutoka mwisho mpaka mwisho, hata matano yanatosha. Pakiwa na kona, ongezeni, lakini msizidishe mpaka upande wa pili uchoke na kuanza kutanua. Pikipiki zihesabiwe kama fungu lao, zipite pamoja mwanzoni. Na hapa vijana wangu mnisikilize vizuri. Mnapofika penye kubanwa mnapenda kujaa mdomoni kabisa, mbele ya magari yote, kama maji kwenye chujio. Halafu yale yanayotoka upande wa pili hayana pa kutokea, kwa sababu nyinyi mmeziba. Simameni hatua kumi na tano nyuma ya mdomo. Hamtachelewa, maana mtapita wa kwanza.

Kwenye milima kuna neno la ziada. Wengi wenu mnaijua Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, na mnajua kwa nini kwa miaka mingi watu waliokwenda Uvira walipendelea kuzunguka Rwanda kwa njia ya Bugarama. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya barabara, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977 ikiitwa Zaïre, unasema hivi: kwenye mlima, magari mawili yasipoweza kupishana, anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda. Sababu yake kila konvoyeri anaijua: lori lenye mzigo likisimama kwenye mwinuko, huenda lisiondoke tena, au lirudi nyuma likaue. Na ikibidi mmoja arudi nyuma, mwenye gari dogo anarudi mbele ya kubwa, na lori linarudi mbele ya basi, maana basi limebeba watu. Yakiwa ya namna moja, anarudi anayeshuka, isipokuwa ni rahisi zaidi kwa mwenzake, kwa mfano akiwa na mahali pana karibu nyuma yake. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, tulipata sheria yetu wenyewe ya barabara, namba 78-022. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba huku hakuna kanuni, kanuni ziko. Hazijasomwa tu.

Msidhani nazungumza habari ya kuchelewa peke yake. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, pale Sange, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, lori la petroli lilipinduka. Habari za wakati ule zilisema lilikuwa linajaribu kulipita basi. Petroli ikamwagika, watu wakakusanyika, wengine wakachota, na moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 200. Wengi walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia, hawakuwa hata barabarani. Najua kati yenu wako waliozika watu siku ile, na sitasema mengi. Nasema tu kwamba ilianza na gari moja kutaka kulipita jingine. Na nawaomba viongozi: gari la mafuta likianguka, watu wasogezwe mbali kwanza, watoto mbele ya wote, kabla ya jambo jingine lolote.

Kuna malori yanayotoka Kenya, Tanzania na Uganda, ambako wanaendesha upande wa kushoto na usukani uko kulia. Yakifika kwetu, tunakoendesha kulia, shoferi ameketi upande wa mtaro, haoni vizuri kinachokuja mbele akitaka kupita. Anategemea jicho la aliye pembeni yake. Ukiona lori la namna hiyo linajitokeza polepole mbele yako, usilichukulie kuwa dharau. Huenda shoferi hakuoni.

Sasa niwageukie wale waliosahauliwa na sheria zote hizi, wanaotembea. Barabara ikifungwa nusu, tunagawana nusu iliyobaki kati ya magari na magari. Na yule mama mbeba mizigo, mwenye mfuko wa makaa au wa unga mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, anapita wapi? Anapita mtaroni, au anapita katikati ya bampa mbili akiomba Mungu. Nimewaona watu wakipanga zamu ya magari vizuri kabisa, na hakuna aliyefikiria miguu. Mtakapopanga, wekeni kwanza kijia cha miguu, hata kama ni mawe yaliyopangwa upande mmoja na kamba. Magari yapewe kinachobaki. Najua mashoferi mtanung'unika. Lakini aliyebeba mzigo hawezi kuruka pembeni haraka, na gari linaweza kusimama.

Limebaki jambo gumu kuliko yote: nani ashike tawi?

Askari wa barabara akiwepo, kazi ni yake. Mara nyingi hayupo, na wanaokuja ni vijana. Wanajaza udongo kwenye shimo, wanafunga kamba, wanaomba chochote. Siwalaumu wote, wengine wanafanya kazi kweli, na wana njaa kama sisi. Lakini nimeona yanayotokea. Mwanzoni anapewa pesa kwa shukrani. Baada ya siku mbili anayetoa zaidi anapita mbele. Siku zamu inapouzwa, mwenye basi la wakimbizi hana cha kununua, na tumerudi kulekule. Na kama wenye kamba wote ni wa kundi moja, wenyeji watupu au wahami watupu, basi hata wakipanga kwa haki, wale wengine hawataamini.

Ninachopendekeza nimekiona kikifanya kazi, si kila mahali, lakini kimefanya kazi. Watu wawili wawili, mmoja mwenyeji aliyechaguliwa na shefu wa avenyu, mmoja kutoka kwa waliohama, aliyechaguliwa na kamati yao. Mwenyeji anasimama upande mmoja, mhami upande mwingine, na tawi linatembea kati yao. Hawapokei pesa mkononi mwa anayepita. Wanapewa chakula na kitu kidogo jioni, kutoka mchango wa mashoferi na wafanyabiashara wa hapo, ambao ndio wanaopoteza zaidi njia ikiziba. Mchango ushikwe na mtu wa tatu, na hesabu isomwe mbele ya watu. Akina mama, msijitoe katika kazi hii. Nimeona mashoferi wanaomtukana kijana lakini wakinyamaza mbele ya mama mwenye umri wa mama yao.

Na nani aruhusiwe kupita nje ya zamu? Mgonjwa mahututi, mama mwenye uchungu, ambulansi inayokwenda Panzi au hospitali nyingine. Basi. Kubalianeni juu ya orodha hiyo kabla mvua haijanyesha, kwa sababu saa ile ya ugomvi kila mtu ana mgonjwa. Mheshimiwa mwenye haraka hayumo. Padri na mchungaji hawamo, watanisamehe. Gari la shirika lenye bendera halimo. Baada ya siku ile ya Kavumu tuliandika jambo hili katika kanuni za mashoferi wetu, na nawapa ruhusa hapa mbele ya watu wote: mkiliona gari letu limetanua, lisimamisheni, lirudisheni nyuma ya mstari, kisha mje mniambie siku na saa. Waliokuwa ndani watalazimika kueleza. Kama ni mimi, nitaeleza mimi.

Mvua za Septemba zinapoanza, ninyi ndio mtakaojua kabla yangu ni mahali gani panashuka. Mashefu wa avenyu, kabla hatujatoka hapa nawaomba mnitajie kila mmoja sehemu moja, ile mbaya zaidi, na majina ya watu wawili mnaofikiri wanaweza kushika tawi pale. Katibu ana daftari.

Lakini kwanza maswali. Yule mama wa Kalehe alikuwa amenyoosha mkono hata kabla sijaanza. Aanze yeye, halafu mmoja kutoka upande huu wa vijana.